Akaunti ya LinkedIn ni ya nani? Kisa cha Linda Eagle na kampuni aliyoianzisha mwenyewe

Tarehe 20 Juni 2011 Linda Eagle aliachishwa kazi kwenye kampuni ambayo yeye alikuwa mmoja wa walioianzisha mwaka 1987. Hapohapo kampuni ikaingia kwenye akaunti yake ya LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ikabadilisha paswedi, akabaki nje. Sio barua pepe ya ofisi jamani, hiyo siku ya kuondoka wanakufungia na wana haki yao. Hii ni akaunti yenye jina lake, picha yake, elimu yake, tuzo zake, na watu zaidi ya 4,000 aliowakusanya kwenye kazi yake ya mabenki.

Nakileta hiki kisa hapa kwa sababu mimi niko HR kwenye kampuni ya wakala wa forodha Dar, hawa watu wa kutoa mizigo bandarini, na ni mmoja wa wale wanaowaambia wafanyakazi kila siku ingieni LinkedIn, andikeni kazi mnazofanya, mtafaidika nyie na kampuni itafaidika. Naliamini hilo kabisa na nimeliona kwa macho yangu, nitalisimulia huko mbele. Lakini kwenye semina zote nilizokaa za hii mitandao ya kikazi watu wanafundishwa namna ya kupiga picha nzuri na kuandika utangulizi wa prufaili, na hakuna hata mmoja anayegusa siku ya kuachana, na siku ya kuachana inakuja kwa kila mtu, iwe kwa amani au kwa ugomvi. Eagle na wenzake wametuachia faili zima la mahakama linaloonyesha siku hiyo ikikukuta hamjaongea inakuwaje.

Tuanze mwanzo. Kampuni ilikuwa inaitwa Edcomm, kazi yake mafunzo kwa watu wa mabenki, ana kwa ana na kwa mtandao. Sasa mafunzo ni bidhaa ambayo mteja haishiki mkononi kabla hajanunua, ananunua kwa kumwamini mtu. Benki inampa kazi mkufunzi kwa sababu kuna mtu wa benki nyingine amesema yule mama anajua. Kwa biashara ya namna hiyo LinkedIn ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yao, na mtandao wenyewe ulikuwa bado mchanga, umefunguliwa Mei 2003, Eagle amefungua akaunti yake 2008. Uongozi wa Edcomm ukawahimiza wafanyakazi wote wafungue akaunti, watumie barua pepe ya ofisi, wajitambulishe kama watu wa Edcomm. Walihimizwa tu, hawakulazimishwa, na hakukuwa na karatasi yoyote inayosema akaunti hizi ni mali ya kampuni, shikilieni hapo kwa sababu kesi nzima itakuja kuangukia kwenye hiyo karatasi ambayo haikuwepo.

Na wazo lenyewe lilikuwa sahihi, mi siwalaumu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha alichokipata kwa watu wa Newton, kitongoji cha Boston, aliowauliza kazi zao walizipataje. Wale waliopata kwa kuambiwa na mtu aliwauliza tena, huyo mtu ulikuwa unaonana naye mara ngapi? Hawakufika hata 17 katika 100 waliosema tunaonana mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema tunaonana mara mojamoja, na wengine zaidi ya robo walisema ni mtu ambaye hatuonani kabisa labda mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Maana yake rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayojua wewe, mko grupu moja la WhatsApp, mnakula ugali mezani pamoja, nafasi ikitokea mnaisikia wote au mnaikosa wote. Habari mpya inatoka kwa yule mliyesoma naye miaka hiyo, yule mliyekaa naye kiti kimoja kwenye semina Arusha mkapeana namba basi. Halafu 2022 ukatoka utafiti mwingine uliofuatilia watu zaidi ya milioni 20 kwenye LinkedIn yenyewe, ukakuta kweli watu wa mbali kidogo ndo wanaosogeza mtu kwenye kazi mpya kuliko wa karibu, ila sio wale wa mbali kabisa ambao hamna hata mtu mmoja mnayefahamiana naye wote. Wale wa katikati.

Sasa chukua hao watu wa katikati wa mfanyakazi mmoja, zidisha kwa wafanyakazi wote, hapo ndo kampuni inapopata kitu ambacho bango la barabarani haliwezi kukupa. Mfanyakazi anajulikana kwa ujuzi wake, kampuni inajulikana kwa kuwa na watu wenye ujuzi. Faida ya huyu imekaa ndani ya faida ya yule, huwezi kuzitenganisha kirahisi, na hilo ndilo linaloleta utamu na ndilo linaloleta kesi.

Eagle alikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo paswedi yake aliwapa baadhi ya wafanyakazi wa Edcomm wamsaidie, wajibu mialiko ya watu wanaoomba kuunganishwa naye, waongeze taarifa kwenye prufaili. Hili msilione la ajabu, ofisi ngapi hapa mjini paswedi ya bosi iko kwenye karatasi imebandikwa chini ya kibodi ya sekretari? Ni kuaminiana, na kwa wakati ule kulikuwa hakuna tatizo lolote, yeye ni mwanzilishi, kampuni ni yake na wenzake. Lakini Oktoba 2010 hisa za kampuni zikanunuliwa na kampuni nyingine, na miezi minane baadaye waanzilishi wakaondolewa. Paswedi ikabaki mikononi mwa watu waliokuwa sasa wanamtumikia mwenye mali mpya.

Kilichofanyika kwenye ile akaunti inabidi ukione kwa karibu. Hawakuifuta. Waliweka jina la mkurugenzi mpya wa muda aliyeshika nafasi yake, wakaweka picha ya huyo mpya na maelezo yake, ila wakasahau sehemu ya tuzo na heshima, ile ikabaki ya Eagle. Yaani ukurasa mmoja, juu sura ya mtu mwingine, chini sifa za Linda Eagle. Na ukiandika jina la Dr. Linda Eagle kwenye Google au kwenye LinkedIn yenyewe, ilikuwa inakupeleka pale pale kwenye ule ukurasa, unamtafuta yeye unakutana na uso wa mwingine. Fikiria wewe ni meneja wa benki, una miaka mitatu hujaongea na huyu mama, leo una kazi ya kumpa, unamtafuta, unakuta hivyo. Utauliza? Wengi hawaulizi, wanafunga ukurasa wanaendelea na maisha yao.

Hali hiyo ilikaa kama wiki mbili na kidogo. Mapema Julai LinkedIn wenyewe wakaingilia, wakaichukua akaunti, na katikati ya mwezi Eagle akarudishiwa. Ila meseji zake, zile za ndani, hakuzipata zote mpaka Oktoba. Nitarudi kwenye meseji kwa sababu hapo na sisi tumekwama.

Akaenda mahakamani, mahakama ya shirikisho pale Philadelphia, kesi inajulikana kama Eagle dhidi ya Morgan, Morgan akiwa ndiye yule mkurugenzi wa muda aliyewekwa kwenye ukurasa wake. Akaleta madai mengi. Yale ya sheria ya shirikisho ya udukuzi wa kompyuta yalitupwa mapema, Oktoba 2012, kwa sababu sheria ile inataka hasara ya aina yake, kama gharama za kutengeneza mfumo ulioharibiwa, na kukosa biashara haimo. Yakabaki ya sheria za jimbo la Pennsylvania, na Machi 2013 jaji akatoa hukumu. Kwenye matatu Eagle alishinda, kwamba jina lake limetumika kibiashara bila ruhusa, kwamba utambulisho wake umechukuliwa na faragha yake kuingiliwa, na kwamba thamani ya jina lake kwa umma imetumiwa na mtu mwingine. Kwenye mengine alishindwa, mfano dai la kuchukuliwa mali yake, jaji alisema akaunti ya LinkedIn sio kitu cha kushikika ambacho sheria ile ya zamani inakitambua.

Ameshinda matatu, sasa fidia ni kiasi gani? Sifuri. Hakuna hata dola moja.

Nilipofika hapo mara ya kwanza niliacha kusoma nikatoka nje kidogo. Ilibidi nirudi kuelewa sababu, na sababu ndo somo lenyewe kwa mtu yeyote anayesema mtandao wangu una thamani. Eagle alitakiwa aonyeshe amepoteza nini kwa zile wiki chache. Upande wake ulichukua wastani wa mapato ya miaka iliyopita, ukagawanya kwa idadi ya watu aliounganishwa nao LinkedIn, ukapata kila mtu mmoja ana thamani ya kiasi fulani cha dola kwa mwaka, halafu ukapiga hesabu ya siku alizofungiwa. Jaji akaikataa hiyo hesabu, ni ya kukisia, kwa sababu hakuna popote ilipoonyeshwa kwamba yale mapato yalipitia LinkedIn. Akasema hakuletewa mkataba hata mmoja, mteja hata mmoja, hata mtu mmoja aliyekuwa anakuja akaishia njiani kwa sababu ya akaunti ile kufungwa.

Na inauma kwa sababu kwa asili ya kitu chenyewe huwezi kumpata huyo mtu. Yule meneja wa benki aliyefunga ukurasa hajaandika barua kusema nimefunga ukurasa. Ila mahakama inafanya kazi na kinachoonekana, na Eagle hakuwa na daftari, hakuwa na rekodi kwamba kazi hii ilianza na meseji ya tarehe fulani. Toka nisome hii nimekuwa nawaambia watu wangu wa mauzo, mteja akija muulize ametujuaje, na jibu liandikwe kwenye fomu ya kumpokea, LinkedIn, kaambiwa na mtu, kaona gari, chochote. Mwanzoni waliona nawaongezea kazi. Sasa hivi ndo kitu cha kwanza bosi anakiomba mwisho wa robo mwaka.

Kampuni nayo haikukaa kimya, ilileta madai kinzani. Ikasema akaunti ile ni yetu, tumeijenga sisi, wafanyakazi wetu ndo waliokuwa wanaihudumia. Jaji akakataa. Masharti ya LinkedIn yanasema akaunti ni kati ya LinkedIn na mtu binafsi aliyejisajili. Kampuni haikuwa na sera ya kusema akaunti ni zake, ilihimiza tu. Haikulipia. Na wale watu waliounganishwa na Eagle walikuwa wamejengwa kwa muda na uzoefu wake yeye, haikuonyeshwa kwamba kampuni iliweka fedha au muda wake kuwajenga. Kwa hiyo kampuni ilipatikana na kosa, madai yake yakaanguka, imelipa mawakili karibu miaka miwili, na kilichobaki mkononi ni hakuna.

Ukiniuliza mimi kosa lilikuwa wapi, sitasema paswedi. Paswedi ni mlango tu. Kosa ni kwamba toka 2008 mpaka 2011 watu wazima wenye akili na biashara nzuri walijenga kitu cha pamoja bila kukaa hata saa moja kusema hiki chako, hiki chetu. Na wakati wa kusema ulikuwa ule ambapo wote bado wanapendana, 2008, gharama yake ingekuwa karatasi moja. Ile kuona watu 4,000 kama mali ghafi ya kampuni, kwamba unaweza kubadilisha jina na picha wakahamia kwa mtu mpya, hapo ndo walipopotea zaidi. Watu hawaungani na kiti. Waliungana na Linda Eagle.

Mnaweza kusema hii ni Marekani, huku kwetu LinkedIn ni ya watu wachache. Haya, tutoke LinkedIn tuongee namba ya simu.

Kwetu hapa kisa hiki kilitukuta bila intaneti yoyote ya maana. Tulikuwa na dada mmoja wa mauzo, mzuri sana, wateja wa Kariakoo wote walikuwa na namba yake. Kampuni ilikuwa inamwekea vocha kila mwezi, ila laini ni yake, ameisajili yeye. Akapata kazi sehemu nyingine akaaga. Bosi akamwita, akamwambia binti yangu ile namba tuachie, ni ya ofisi, tumeilipia miaka yote. Dada akajibu kwa adabu zote, "Mzee, hii laini imesajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA na alama za vidole vyangu, na ndo namba ya mama yangu ya kunitumia hela. Nitaiachaje?" Mimi nilikuwepo pale mlangoni na faili la mafao yake. Wote wawili walikuwa na hoja na wote wawili waliumia. Aliondoka vibaya mtu aliyekaa nasi vizuri, na wateja wakawa wanampigia yeye anawaambia nimehama, baadhi wakaja kwetu, baadhi wakamfuata, na wengine wakaenda kwa mtu wa tatu kabisa kwa sababu waliona huku kuna vurugu.

Baada ya hapo bosi alitaka kupiga marufuku kila kitu. Hakuna kuposti kazi, hakuna kujitambulisha na kampuni, kwa sababu mtu akijulikana ataibiwa. Namheshimu sana yule mzee lakini kwenye hili nilimpinga, nikamwambia mzee mtu mwenye ujuzi atachukuliwa hata akinyamaza, tofauti ni kwamba akinyamaza hata wewe hufaidi kwa muda ambao unaye. Nikamchapishia kisa cha Eagle kwa Kiswahili, kurasa mbili, nikamwachia mezani. Alikaa nayo wiki nzima. Jumatatu akaniita akaniambia andika hiyo karatasi unayoisema.

Karatasi yetu ni ukurasa mmoja na nimekataa kuuongeza. Inasema prufaili ya mtu ni ya mtu, anaingia nayo na anatoka nayo, afungue kwa barua pepe yake binafsi sio ya ofisi, na hakuna mtu yeyote kazini, hata mimi, anayeruhusiwa kumwomba paswedi. Ukurasa wa kampuni ni wa kampuni, unashikwa na watu wawili kwa wakati mmoja kila mtu kwa akaunti yake, ili mmoja akiondoka anatolewa tu na mwingine yupo, hakuna paswedi ya kugombania. Simu za wateja zinapokelewa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, simu inakaa ofisini kwenye chaja yake. Siku ya kuondoka mtu anabadilisha cheo chake kwenye prufaili ndani ya siku saba, na anaruhusiwa kusema kazi alizofanya hapa kwa sababu kweli alizifanya. Orodha ya wateja na bei tunazowapa hazitoki, hizo sio mtandao wa mtu, hizo ni siri ya biashara.

Hiyo ya mwisho niliiweka kwa sababu kuna upande wa pili wa haki hii na haupendezi kuusahau. Uingereza mwaka 2008 kampuni ya kutafutia watu ajira, Hays, ilimfikisha mahakamani mfanyakazi wake aliyeondoka kwenda kufungua ofisi yake, wakidai kabla hajaondoka alishaanza kuwaalika wateja wao kwenye LinkedIn yake. Yeye akajitetea kwamba kampuni yenyewe ndo iliyomhimiza atumie LinkedIn, na mteja akishakubali mwaliko tayari sio siri tena. Mahakama ikamwamuru atoe hizo rekodi za watu aliowaalika kutoka kwenye mfumo wa mwajiri. Kwa hiyo akaunti kuwa yako haimaanishi unaweza kuifanya gunia la kuhamishia kanzidata ya ofisi usiku wa mwisho.

Kuna kijana wetu wa dekleresheni, yaani anayeandaa nyaraka za mzigo za forodha, mkimya, mtu wa kukaa na makaratasi. Baada ya karatasi ile kusainiwa nikamwambia andika kitu kimoja unachokijua kuliko watu wote. Akaandika kuhusu kontena, kwamba zile siku za bure bandarini zinaanza kuhesabiwa lini, kwamba wafanyabiashara wengi wanasubiri meli ifike ndo waanze kutafuta nyaraka wakati ankara na orodha ya mzigo ingeweza kuwa tayari wiki mbili kabla, na kila siku moja ya kuchelewa storeji inavyopanda. Kwa Kiswahili, bila mapambo, na makosa mawili ya tahajia. Mfanyabiashara wa Lubumbashi akamwandikia, kwa kile Kiswahili chao cha kule, akimuuliza kuhusu mzigo wa vipuri unaopita Dar kwenda Congo. Hawakuwahi kuonana, waliunganishwa na dereva mmoja wa malori ambaye wote wanamjua. Yule kijana angeweza kufanya ile kazi pembeni, akala peke yake, na nawaambia ukweli kabla ya ile karatasi ningemwelewa. Alikuja ofisini kwangu akasema dada, huyu mtu amenifuata mimi, lakini mzigo ni wa ofisi, tunafanyaje? Mzigo ukaingia kwa jina la kampuni, yeye akapewa kamisheni kama mtu wa mauzo ingawa sio idara yake, na aliyeidhinisha ile kamisheni ni mzee yuleyule. Leo wateja wakipiga simu wanamuulizia yeye kwa jina na hakuna anayeogopa.

Hatukufanya yote vizuri. Kuna siku mwenzetu mmoja aliposti picha ya timu iko yadi, watu wanacheka, nzuri sana, ila mezani mbele yao kulikuwa na hati ya mzigo ya mteja, ukivuta picha unasoma jina la mtu, namba yake ya simu na alicholeta. Mteja ndiye aliyetupigia. Tuliitoa ndani ya dakika kumi lakini ilishakaa asubuhi nzima. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi Mei 2023, haina mchezo, na majirani zetu Kenya Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga faini shule moja shilingi za kwao 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Nilikwenda mwenyewe dukani kwa yule mteja kumwomba radhi. Toka hapo kabla ya kupiga picha meza inafutwa kwanza, na wa kwenye picha wanaulizwa kama wanataka kuonekana, maana kuna wasiotaka na wana sababu zao.

Kilichobaki hatujakimaliza ni meseji. Mteja amemwandikia mfanyakazi LinkedIn, kwenye akaunti ambayo tumeshakubaliana ni ya mfanyakazi, lakini ndani ya mazungumzo kuna bei, kuna malalamiko, kuna ahadi aliyotoa kwa niaba ya ofisi. Akiondoka zinaondoka naye. Eagle alizisubiri zake mpaka Oktoba na zilikuwa zake, sasa je zile ambazo nusu ni zake na nusu ni zetu? Mwanasheria wetu anataka tuandike kwamba mazungumzo yote ya bei yahamishiwe barua pepe ya ofisi ndani ya siku moja. Yule kijana wa dekleresheni anasema mtu wa Lubumbashi hafungui barua pepe, ukimhamisha umempoteza. Tumekaa vikao viwili, cha tatu ni Alhamisi, na safari hii nimewaomba watu wa mauzo waje na mazungumzo halisi yaliyofichwa majina, tuyasome mstari kwa mstari tuone wapi ofisi inaanza.